Kumuaga Ragnhild, Aliyegeuza Meli

Mheshimiwa Waziri Halvard Brekkhus, Bwana Eilert Stensvold Mkurugenzi wa Taasisi yetu ya utafiti wa bahari, wanasayansi wetu, mabaharia wenzangu mliobanwa kule mlangoni, na wewe Ragnhild Tveiten, mwenye shughuli, ingawa kwenye ratiba umewekwa baada ya kahawa:

Mimi ni nahodha wenu, Oddvar. Nimeombwa nimuage Ragnhild, anayestaafu leo, kwa maneno mazuri. Nitajitahidi.

Kazi ya Ragnhild ni kusimamisha kamba ndefu baharini, kaskazini ya visiwa vya Svalbard, imefungwa vifaa vya kupimia kutoka juu hadi chini. Kamba hukaa huko mwaka mzima, gizani, ikipima joto na chumvi ya maji. Kisha tunarudi, tunapeleka mlio chini ya maji, nanga inaachia, na maboya yanaibuka na habari zote. Tukichelewa, betri hufa, nanga haisikii tena, na mwaka mzima wa bahari unapotea.

Septemba ile, Mheshimiwa, ulitufanyia heshima ya kusafiri nasi. Ulikuja na wapiga picha, na hotuba ya kusoma ukiwa umesimama juu ya barafu. Je, kuna aliyefikiria kuiuliza barafu kama itakuwepo? Tulifika mahali ilipoahidiwa kwenye ramani, tukakuta maji matupu. Bwana Mkurugenzi, nawe ukiwa huku mjini Tromsø kwenye kiti chenye joto, ukanipigia simu: “Tafuta barafu.”

Tukatafuta. Tukaipita kamba ya Ragnhild, tukazidi kwenda kaskazini, na nyuma yetu dhoruba inakuja. Mwishowe tukaona bonge moja, chafu, na juu yake dubu mweupe amelala. Msaidizi wako, Mheshimiwa, kijana mwenye adabu sana, akaniuliza, “Nahodha, hatuwezi kumsogeza kidogo?”

Hapo ndipo Ragnhild alipopanda chumba cha usukani.

“Mheshimiwa,” akasema, “umekuja kuwaonyesha watu kwamba barafu inaisha. Imeisha. Unataka nini tena?”

Nawe ukajibu, “Mama, lakini hotuba imeshaandikwa.”

“Basi isome kwa dubu. Mimi kamba yangu inakufa. Oddvar, geuza.”

Nikakupigia, Bwana Mkurugenzi. Ukasema nisigeuze. Nikamtazama yule mama, nikageuza.

Dhoruba ilitukuta tulipofika tu juu ya kamba yake. Akapeleka mlio, kimya. Akapeleka tena, kimya. Alipopeleka mara ya tatu akafumba macho, na mimi, ambaye kanisani naonekana Krismasi tu, nikaomba. Kisha maboya ya rangi ya chungwa yakachomoza kwenye mawimbi, na nani alikuwa wa kwanza kuishika kamba? Wewe, Mheshimiwa, umelowa, umetapika, unavuta kama sisi. Sijawahi kukupenda kama siku ile.

Vipimo vilionyesha kwamba maji yenye joto ya Atlantiki yamepanda karibu zaidi na uso wa bahari, yanaila barafu kwa chini.

“Ni habari njema?” ukamuuliza.

“Ni habari kamili,” akakujibu.

Mambo yakaishaje? Taasisi ilitoa taarifa yake yenye picha ya Mheshimiwa juu ya barafu nzuri nyeupe, ambayo mimi sikuiona. Ragnhild akapewa onyo la maandishi kwa kuvuruga ratiba. Leo anapewa shada la maua, na nafasi yake haitajazwa. Juzi nilimuuliza kazi amemkabidhi nani. Akacheka, akasema, “Nimekabidhi ofisi tu.” Nikaenda kuitazama. Humo sasa wamewekwa wapiga picha wa Taasisi.

Lakini kuna kamba nyingine iko chini ya maji sasa hivi, waheshimiwa, na haina habari kwamba mwenyewe amestaafu. Bwana Mkurugenzi, wanasayansi unaajiri wewe, sikupingi. Jikoni mwa meli, kisheria, naajiri mimi. Tunaondoka Jumanne, na msaidizi mpya wa mpishi ni Ragnhild Tveiten. Kupika hajui kabisa. Mabaharia wangu wamekula samaki wake wa kuungua, nao wamekubali kwa kauli moja.

Nawashukuru kwa uvumilivu wenu. Kahawa ipo, karibuni.