Mwenye Ndoo Nyekundu

Kijiwe chetu kinatazamana na ukuta wa pampu ya maji, na kwa siku tisa tulikunywa kahawa tukilitazama bango alilochora pale Brashi, mchora vibao wa mtaa. Alimchora diwani amekinga mdomo bombani, tumbo limevimba, na nyuma yake foleni ya watu wenye ndoo kavu. Watu wenyewe ni sisi. Brashi hachori sura ya kubuni, kwa hiyo tulisimama mbele yake mmoja mmoja, kila mtu na ndoo yake, tukagombania nani akae mbele. Jana polisi wakamkamata. Leo asubuhi watu wawili wa diwani wakaja wakalipaka chokaa, nasi tumekaa hapa hapa na vikombe vyetu. Walipoondoka ndipo hasira zikatupanda.

— Damu inanichemka, alisema Fundi Saa. Wamefuta sanaa.

— Sanaa gani? Spika, dalali wa vyumba, akamkatiza. Sanaa ni maua. Lile lilikuwa tusi, na tusi lenyewe lilimstahili.

— Inayomkosesha mkubwa usingizi ndiyo sanaa. Hayo maua yako yamemkera nani?

Mstaafu, aliyeendesha lori miaka thelathini, akasema kosa ni lile tumbo. Lingepunguzwa kidogo, diwani angecheka yakaisha. Fundi Saa akaapa kwamba ni macho ya ile foleni, yalikuwa yakimfuata diwani mpaka chumbani kwake. Spika akatoa kali zaidi: diwani alijipenda mle, akataka kuununua ukuta mzima, Brashi akamkatalia. Kila mmoja alipigapiga benchi kwa kiganja. Nilipiga na mimi, tena kwa nguvu kuwashinda wote.

Akaja mke wa Brashi, jasho linamtiririka. Hakukaa.

— Shemeji zangu, kituoni wanasema mume wangu kazua, foleni haikuwapo. Namtaka mmoja tu twende naye, aseme yeye ni yule pale ukutani na ndoo yake ilikuwa kavu.

Mstaafu akakumbuka ana miadi. Spika akainua birika, likatoa tone moja.

Brashi hutumia rangi ya mafuta, na chokaa haishiki juu yake. Jua lilikuwa limeshaipiga hiyo chokaa, ikaanza kubanduka vipande vipande, foleni ikachungulia tena. Mke wa Brashi aliutazama ukuta, kisha akanitazama mimi.

— Shemeji, yule mwenye ndoo nyekundu si wewe?

Niliinama kama mtu anayefunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa ndala.