Kikaango cha Danford

Kuna jambo moja Danford hakuwahi kulipatia jibu. Katika wiki ya kwanza ya tovuti yake ya ng'ombe waliopotea, watu themanini na wawili waliifungua, na kitufe cha kutafutia kilibonyezwa mara moja tu, bila neno lolote kuandikwa. Nani huyo, na alitaka nini? Alilileta swali lake kijiweni kwa Salum muuza kahawa, jirani na mnada wa Butiama, akaketi kati ya Wanzagi, fundi redio waliyemwita Injinia, na Baltazari, aliyeitwa Wakili kwa ubishi wake tu. Akawaonyesha simu. Kwenye kona palikuwa na kiduara chenye mkia.

— Hiki kikaango umekiweka cha nini? Injinia akauliza.

— Ni lenzi, kaka. Unabonyeza, unatafuta.

— Mtu kapotelewa na ng'ombe, wewe unamwonyesha kikaango! Atajua ameshaliwa.

— Sio kikaango, Wakili akadakia. Ni kitanzi. Ukibonyeza, umekiri wizi. Nilikuwaga na kesi kama hiyo.

— Ile ya kuku?

— Kuku naye ni mfugo!

Salum akamimina kahawa.

— Mimi nilivyosikia, kinapiga picha jicho lako. Ng'ombe anaonyeshwa, akikukataa, umekwisha.

Danford akacheka nao, ila moyoni alikuwa amenywea. Watendaji wa vijiji walishamtumia habari za ng'ombe kumi na tisa waliookotwa, na hakuna mwenye mali hata mmoja aliyewaona.

Hapo akafika mwanamke mwenye vumbi hadi magotini.

— Shikamooni. Naitwa Matrida, natoka Suguti. Mtamba wangu ana siku nne hajaonekana. Nimeambiwa hapa kuna simu ya kutafutia. Nabonyeza wapi?

Wote wakaitazama simu. Hakuna aliyenyoosha kidole. Danford mwenyewe aliona haya.

— Wewe ungetaka paandikwe nini, dada?

— Si "Tafuta ng'ombe"? Kwani humo mnafanyaga kingine?

— Na hapa kwenye kisanduku, palipoandikwa "Andika hapa"?

— Niandike nini sasa? Uliza rangi. Uliza sikio limekatwaje. Sisi ng'ombe tunamjuaga kwa sikio.

Wakili akasimama kutoa hukumu: kiduara kiondoke, maneno ya mama yakae, na kitufe kiwe kipana, kitoshe kidole gumba cha mtu aliyeshika jembe tangu asubuhi. Hakuna aliyebisha, jambo geni pale. Danford akafungua kompyuta yake juu ya magoti, akabadilisha hapo hapo, Matrida akimtajia kila neno. Kahawa ikapoa.

Kisha Matrida akaandika: mwekundu, sikio la kushoto limepasuliwa ncha. Akabonyeza.

Wakatokea wawili. Wa pili alikuwa Buswahili, kwa mtendaji. Matrida aliikuza picha hadi kwenye sikio, halafu akawageuzia simu.

— Ndiye.

Injinia alikuwa ameshawasha pikipiki yake.

— Panda, mama. Kikaango kimemtema.