Bi. Yunisi Luvanda na Nyaya za Ghorofa ya Tatu

Ijumaa, tarehe 29 Agosti 2025, Bi. Yunisi Luvanda anastaafu baada ya miaka ishirini na minne ya kufunga viyoyozi katika majengo makubwa ya ofisi, Njombe na Makambako. Nimepewa ukurasa huu wa kijitabu cha sherehe ya kumuaga nimsifu. Nitamsifu, ingawa kazi hiyo inaniuma, kwa maana tuliajiriwa wiki moja na nimemwonea wivu tangu wiki hiyo. Anaondoka na jalada lenye barua moja ya onyo. Nimekubali kuandika hasa kwa sababu ya barua hiyo, na nitaifikia.

Alitoka Makete, akasomea ufundi wa majokofu Iringa, akaripoti kwetu Makambako mwaka 2001 na boksi la spana na sweta mbili. Siku zile ukimwambia mtu wa Njombe kwamba umekuja kumfungia kiyoyozi, alikuuliza kama baridi iliyopo haijamtosha. Yunisi alicheka nao, kisha akawaeleza kwamba mitambo hii hupuliza joto pia. Mimi nilieleza hayohayo, tena kwa michoro, na hakuna aliyenisikiliza.

Kabla ya kuchora chochote alikaa ofisini kwa mteja siku nzima, ghorofa kwa ghorofa, akiandika kwenye daftari: nani ana sweta, nani yuko dirishani, mama yupi ana magoti mabovu na asipulizwe. Mimi nilipima vyumba kwa utepe, nikapiga hesabu, nikamaliza saa nne asubuhi. Hesabu zangu zilikuwa sahihi kabisa. Lakini tuliporudi kufanya sevisi, yeye alipewa gunia la viazi, mimi soda.

Makambako anakumbukwa kwa mkasa wa mlinzi Masumbuko. Asubuhi moja ya baridi kali, mtambo wa nje wa jengo lao ulikuwa unayeyusha barafu iliyoushika, kama unavyotakiwa, ukatoa mvuke mweupe. Masumbuko akadhani unaungua, akaumwagia ndoo sita za maji. Mimi ningemgombeza. Yunisi alimsifu kwa wepesi wake, akamfundisha kutofautisha mvuke na moshi, na leo hakuna mlinzi anayeutunza mtambo kama yeye. Nikifika mimi, ananifungulia geti. Akifika Yunisi, ni salamu ndefu ya “Kamwene” mpaka wafike kwenye habari za mbuzi.

Sasa ile barua. Mwaka 2017 tulifunga mitambo katika jengo la ghorofa nne pale Njombe. Nyaya za swichi za ukutani, zile za kupandisha na kushusha joto, za ghorofa ya tatu na ya nne, nilizifunga mimi. Nilizipishanisha. Swichi ya tatu ikawa inaendesha mitambo ya nne, na ya nne inaendesha ya tatu. Julai ilipoingia, wahasibu wa ghorofa ya tatu, wakiongozwa na Bi. Janeth aliyejifunga blanketi kiunoni, wakawa wanapandisha joto. Wanasheria wa juu yao wakavua makoti, wakavua tai, wakawa wanashusha. Kila waliposhusha, Bi. Janeth aliganda zaidi, akapandisha tena. Wiki mbili nzima ghorofa hizo mbili hazikusalimiana.

Mteja alipolalamika, Mkurugenzi aliuliza nani alifunga nyaya zile. Yunisi alikuwa Mawengi kwenye msiba wa shangazi yake. Nafasi ya fundi mkuu ilikuwa wazi, na kila mtu alijua ni yake. Nikasema ni Yunisi.

Aliporudi alikuta barua mezani. Tukaenda Njombe wote wawili kurekebisha. Alipanda ngazi niliyoishika mimi, akafungua dari, akakuta vibandiko vya nyaya vimeandikwa kwa mwandiko wangu. Alivisoma. Akaniangalia kutoka kule juu, akarudisha kila waya mahali pake, akashuka, akaniuliza kama nimekunywa chai.

Mwezi uliofuata nikawa fundi mkuu. Amefanya kazi chini yangu miaka minane bila kunitupia neno hata moja, na miaka yote minane wateja wamepiga simu wakimwulizia yeye. Nilidhani cheo kingeniponya wivu. Kumbe nilikuwa nimejiongezea: kabla ya hapo niliuonea wivu ufundi wake, baada ya hapo nikauonea na moyo wake.

Juzi nimemwandikia Mkurugenzi. Nimeomba barua ya onyo itolewe kwenye jalada la Yunisi na iwekwe kwenye langu, na kuhusu cheo, uongozi uamue. Yunisi mwenyewe hajaambiwa. Atayasoma haya hapa, mbele yenu, pilau likiwa mezani, nami nimekaa kiti cha pili kutoka kwake.

Bi. Yunisi, kampuni inakushukuru kwa kila jengo uliloliacha na watu waliotulia ndani yake. Tunakuombea afya njema shambani kwako pale Kitandililo, parachichi zako zishike, na wajukuu wakuzoee. Mimi, Damiano Mligo, nina ombi langu binafsi. Nisamehe, dada. Na kama una neno la kunijibu, safari hii lisemee hapahapa, kwa sauti, wote wasikie.