Nani Atajibu Maswali ya Nyamoita

Sogezeni viti, wanangu, na mzime hiyo redio, maana sauti niliyobakiwa nayo si ya kushindana na kwaya. Sylvanus, kaa hapo miguuni nikuone. Phanice, acha kunifunika, sina baridi, ninakufa tu, na hayo ni mambo mawili tofauti. Linet, mke wa mwanangu, kaa karibu na dirisha. Abner, mume wa Phanice, namsikia kule barazani akikanyaga huku na huku. Abaki huko huko, kwa kuwa mkwe haingii chumba cha kulala cha mama mkwe, na sitaki kuvunja chinsoni, heshima yetu hiyo ya kukaa mbali, siku ambayo sina hata muda wa kuona aibu. Na wewe Tryphosa, najua uko sebuleni unajifanya unakoroga chai. Kikohozi chako nakijua, nimekisikia kutoka boma la pili tangu niolewe. Nitakufikia.

Kitandani nami yuko Nyamoita peke yake, na hakuna aliyemkataza, kwa sababu mjukuu na nyanya yake hawana chinsoni. Huyu, kwa utani, ananiita mke mwenza. Jana aliyahesabu meno yangu akasema yanatosha kwa uji.

Nianze na mali, ili mpate utulivu wa kusikiliza mengine. Shamba la chai la juu ni la Sylvanus, la chini ni la Phanice, ingawa ameolewa, na anayetaka kunung'unika anung'unike sasa nikiwa bado na masikio. Vitabu vyangu vipelekwe chuo cha walimu. Wakivikataa, kuna akina mama pale sokoni Daraja Mbili wanaotafuta karatasi za kufungia karanga.

Vitabu hivyo, wanangu, vyote vinaeleza namna mtoto anavyojifunza, na hiyo ndiyo kazi niliyoifanya mpaka nikastaafu, kuwaeleza walimu yaliyomo. Niliwafundisha habari za wale waliomwona mtoto kama mbwa anayezoeshwa kwa kengele: mpe tuzo akipatia, mnyime akikosea, rudia mpaka mazoea yaingie. Nikawafundisha habari za wale waliosema mtoto ni mtafiti, hujijengea maarifa kwa mikono yake mwenyewe, asiharakishwe. Halafu wale waliosema hakuna anayejenga peke yake, mtoto hupanda akishikwa mkono na aliyemtangulia hatua moja. Niliwauza wote kwa bei moja, kama mwenye duka asiyetaka kuwaudhi wateja, na kila mmoja alikuwa na ukweli wake. Wengi wao walikubaliana kwamba mtoto anayeuliza ndiye anayejifunza. Hakuna hata mmoja wao aliyezaliwa huku kwetu Nyamira.

Siku moja nilikwenda kumtazama mwanafunzi wangu akifundisha katika shule ya huku juu, msichana mwenye bidii mpaka unamhurumia. Akawaambia watoto waulize lolote kuhusu mchai. Wakatazama sakafu. Akawaimbisha, akatoa biskuti. Biskuti wakala, kisha wakatazama sakafu. Mkaguzi niliyefuatana naye akasema darasa hili ni zito. Jioni tukapita kwa nyanya wa mmoja wao kunywa chai, tukawakuta watoto wale wale jikoni kwake, wamemzonga, wanamuuliza kwa nini huchumwa majani mawili na kichipukizi, ni nani wa kwanza kuyachemsha na alikuwa na njaa gani, na je, yeye nyanya angekuwa jani, angekuwa la juu au lile gumu la chini ambalo kiwanda hulikataa. Wazito wako wapi hapo? Mwalimu ni wa rika la mama, na mtoto wetu hamkazii mama macho akamsaili. Kwetu huo si werevu, ni ukosefu wa adabu. Maswali yake huyabeba siku nzima mpaka ayafikishe kwa nyanya.

Sasa, Sylvanus. Mwalimu wa Nyamoita amesema mwanao ni mzito, hafungui mdomo darasani, na wewe umeshanunua sanduku la bati la kumpeleka bweni huko Keroka. Hukuniambia. Aliniambia mwenye sanduku, huyu hapa kitandani. Tazama hapa, usitazame ukuta. Unakumbuka shule ilipowataka mtengeneze nyumba ya boksi pamoja, baba na binti? Niliwatazama nikiwa kwenye kiti changu. Wewe unakata boksi macho yako nje, yeye ameshika gundi anatazama vidole vya miguu, mmekaa kama watu wawili wanaongojea magari tofauti. Ile nyumba haikuwa na mlango. Yeye aliona. Alikuja kuniuliza mimi, jioni, watu watakuwa wanaingilia wapi. Wewe hakukuuliza, na hatakuuliza, na sikulaumu, maana baba yako alikulea hivyo, na mimi na digrii zangu nikalea hivyo hivyo.

Huko bweni kila mkubwa atakuwa wa rika la mzazi. Atanyamaza mpaka kimya kimzoee, nanyi mtasema ndivyo alivyoumbwa. Mimi ndiye aliyekuwa akinijia na maswali, na mimi ninaondoka. Hilo ndilo linaloniliza, wanangu. Kaburi sina neno nalo.

Nipe maji, Phanice. Kidogo.

Ndiyo maana nimemwita Tryphosa, mke wa shemeji yangu. Siku tulipomzika baba yenu alisema, watu wakisikia, kwamba vitabu vilinila tumbo, ndiyo nikazaa wawili tu. Tangu siku hiyo sijaonja chakula chake, na nikapanda ule ua wa michongoma kati ya boma lake na langu, mkaambiwa ni kwa ajili ya ng'ombe. Ng'ombe hawakuwa na kosa. Sijamsamehe, na sitajifanya. Kusamehe kunataka pumzi. Lakini katika rika langu amebaki yeye peke yake hapa, naye ni nyanya wa Nyamoita kama mimi, mtoto anaweza kumhesabu meno. Tryphosa, unasikia? Unadanganya kama unavyopumua. Ukiulizwa mvua ya mawe hutoka wapi, utatunga kitu cha ajabu. Tunga. Huyu nimemzoesha kuuliza mara ya pili, na uongo wako utamfaa kuliko kimya cha hawa.

Kwa hiyo bweni haendi. Linet, hilo sanduku tieni mahindi. Mnizike kando ya baba yenu, mapema, kabla mvua ya alasiri, na mtu yeyote asisimame kusema nilikuwa taa ya jamii. Nilikuwa mwalimu wa walimu, na nilipenda chai yenye maziwa mengi.

Mungu awape... ngojeni. Mungu awape watoto wa kuwachosha kwa maswali, na uzee wa kuwajibu. Hata wewe huko barazani, Abner. Amina, semeni.

Sylvanus, chukua panga. Ukakate ule ua, pale mkabala na jiko la Tryphosa. Si kesho. Nataka kusikia.

Huyo. Nasikia. Michongoma imekomaa, ilipata muda. Mwambieni akate mpaka chini, mtoto apite bila kuchomwa.

Nini, Nyamoita? Nong'ona. Tena.

Anauliza kama inauma, kufa huku. Mmekaa hapa tangu asubuhi, watu wazima wote ninyi, na hakuna aliyeuliza. Kidogo, mke mwenza. Inauma kidogo.

Na baadaye? Baadaye... hapo sijui. Hilo mpelekee Tryphosa. Pita huko anakokata baba yako. Yeye atakuwa na jibu.