Mkanda Uliobaki Ndani ya Kamera ya Mzee Adow Shurie

Kwetu Garissa maiti haikai. Mzee Adow Shurie alifariki Jumatatu, tarehe 10 Februari 2025, na kabla ya Alasiri alikuwa ameshazikwa. Dua ingetosha. Wasifu huu unasomwa siku hii ya tatu ya msiba, na umechapishwa, kwa sababu wanawake wa mtaa wetu wa Galbet wana swali ambalo wameogopa kutuuliza usoni: picha zetu ziko wapi? Anayesoma ni bintiye, Filsan. Jibu analo, maana kosa lilikuwa lake.

Marehemu alizaliwa Kotile mwaka wa 1951, mtoto wa tatu wa Shurie Nunow, mfugaji wa ng'ombe, na mkewe Lul. Alisoma duksi, chuo cha Qurani, huko, kisha akaletwa Garissa mjini, akamaliza darasa la saba mwaka wa 1967. Alikuwa mwoga tangu utotoni, na hakuficha. Alipopewa ndama kuchunga, alimfunga kamba na ncha ya pili akaifunga kiunoni mwake, asije akapoteza mali ya watu. Wenzake walimcheka mpaka wakachoka. Hakupoteza ndama hata mmoja.

Mwaka wa 1973 alikwenda Kismayu kwa mjomba wake, akajifunza kupiga picha. Warusi walikuwa wengi Somalia siku hizo na kamera zao zilipatikana kwa urahisi. Alirudi mwaka wa 1976 na kamera ya Zenit nzito kama tofali, yenye maandishi ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma, akafungua studio Galbet.

Mwaka wa 1980 alimwoa Sahara Abkul wa Tarbaj. Arusi za wanawake hazikuwa na mpiga picha wakati huo. Mwanamume haingii, na bibi arusi aliyefungua nywele hawezi kutembea hadi studio. Basi Sahara akaishika Zenit. Walikubaliana kwamba mikanda ya wanawake ataiosha Sahara peke yake, na kila mwenye picha apewe picha zake na negativu zake mkononi. Adow hatatazama. Kwa miaka kumi na saba hakutazama.

Arusi ya mwisho ambayo Sahara aliipiga picha ilikuwa ya jirani yetu Ruweyda, Desemba 1997. Ruweyda alimnyang'anya kamera akasema, "Leo na wewe pia," akampiga picha. Sahara alirudi nyumbani akicheka, akamwambia mumewe ya thelathini na moja ni yake, zimebaki tano mkanda uishe. Haukuisha. Mafuriko yaliingia nyumbani, dawa za kuoshea picha zikaharibika, kitambulisho cha Sahara kikasombwa. Homa ikamchukua Januari 1998. Sura yake ikabaki mahali pamoja tu, ndani ya ile kamera, nyuma ya picha thelathini za wanawake ambao mumewe hakuwa na ruhusa ya kuwaona. Aliifungia kwenye sanduku la bati.

Siku hizi vijana wa Nairobi wanazitafuta kamera za Kirusi kama dawa. Wanapenda lenzi ya Helios, ambayo huizungusha miti nyuma ya mtu kama chai inayokorogwa. Filsan aliliona hilo mtandaoni, na Januari mwaka huu akaitoa ile Zenit sandukuni bila kumwuliza babake, akamtumia fundi kijana wa Eastleigh aitwaye Abdihafid. Alidhani anamfurahisha babake, chombo chake kifanye kazi tena. Siku ya tatu kijana akapiga simu.

"Iko na film ndani," alisema. "Hizi za zamani watu wanapenda sana. Naosha, halafu naposti zote."

Filsan alimweleza babake wakila chakula cha mchana. Mzee alirudisha tonge kwenye sahani.

"Amesema kamera imefika picha namba ngapi?"

"Thelathini na moja, aabo."

Mzee alinawa, akasema wanakwenda Nairobi. Alikuwa na kisukari tangu mwaka wa 2011, moyo nao ulikuwa umechoka, na daktari alikuwa amemkataza safari. Jumamosi, tarehe 18 Januari, alipanda basi na bintiye. Njia nzima simu ya kijana haikushika. Alimwambia Filsan aangalie mtandao, kisha akamwambia asiangalie, kisha aangalie tena. Kabla ya Mwingi alikuwa amelowa jasho. Alihesabu wanawake kwa majina, yule ana wajukuu sasa, yule mumewe ni mkali, yule ameshakufa na hawezi kujitetea. Filsan hajawahi kuogopa vile.

Walimkuta Abdihafid dukani kwake, simu haina chaji, mkanda bado haujatolewa. Aliposikia habari aliinamisha kichwa.

"Nisamehe, adeer. Lakini ya mama tunaweza kuokoa. Nakata gizani ile ya mwisho pekee, naosha hiyo."

"Ukikosea kidogo?"

"Kidogo tu, labda nusu ya ile ingine itatoka."

"Hiyo nusu ni mke wa mtu."

Filsan alimsihi. Alisema hamkumbuki mama yake sura, alikuwa na miaka minne. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, na machozi yalimtoka. Kisha akatoka nje kwenye jua la saa sita, akafungua mgongo wa kamera, akauvuta mkanda wote hadi mwisho, akauinua juu ya kichwa chake kwa mikono miwili mpaka akatosheka kwamba jua limezifuta picha zote.

Alirudi akiwa dhaifu. Alilazwa tarehe 2 Februari, na Jumatatu alfajiri akatutoka.

Ameacha mwanawe Liban, binti yake Filsan, wajukuu wanne, na dada yake Amino wa Kotile. Mkanda uko hapa kwenye sanduku la bati, na mwanamke yeyote anayetaka kuukagua akaribie. Aulete mwangani, hauna kitu. Ruweyda aliushika jana kwa muda mrefu, akamwambia Filsan kwamba mama yake alikuwa na mwanya mdogo wa meno, na kwamba siku ile alicheka akauonyesha.

Mwenyezi Mungu amsamehe, ampokee, na ampumzishe kwa amani. Amerudisha vyote alivyoachiwa.