Bwana Bader Anastaafu, Hataza ya Bi Mwanvita Ilimtangulia

Baada ya miaka ishirini na tisa kazini, Bwana Bader Azzan, mkuu wa dawati la hataza hapa Kituo cha Wabunifu Zinga, anastaafu Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025. Mkurugenzi ameniomba mimi, Zuwena Yahya, niliyekaa naye chumba kimoja muda mrefu kuliko wote, niandike wasifu wake kwa maneno matamu. Nimejaribu. Wallahi nimejaribu.

Kwa wageni wetu wa leo: hataza ni haki anayopewa mvumbuzi ili mtu mwingine asitengeneze kitu chake bila ruhusa mpaka muda maalumu upite. Muda ukiisha, kitu ni cha kila mtu. Kazi ya Bwana Bader ilikuwa kuwaombea wabunifu haki hiyo, na kuwaambia inaisha lini. Ya kwanza aliifanya vizuri, tusimdhulumu. Ya pili iliwatoa watu jasho, ila yeye mwenyewe hakutoka hata tone.

Alianza mwaka 1996, kituo kikiwa bado chumba cha kupanga karibu na Mbegani. Ndiye aliyesimamia tukahamia Zinga, na ndiye aliyepigania mapazia. Ameacha ofisi ina mapazia mazuri sana.

Lakini utaalamu wake hasa ulikuwa shughuli. Cheti cha hataza kikifika, huwezi kumkuta Bwana Bader anakikabidhi mkononi kama risiti ya dukani. Kilisubiri Ijumaa. Kilitiwa fremu, pilau ikapikwa, ubani ukafukizwa, dua ikasomwa, naye akasimama na kanzu yake na koti la kijivu akapigwa picha. Siku hiyo ndiyo aliyoizungushia wino mwekundu kwenye kalenda, na miaka ya mvumbuzi akaanza kuihesabu hapo. Ukimuuliza sababu, alikucheka. Kuwasilisha ombi, alisema, ni kupeleka posa tu. Cheti ndiyo ndoa. Nani amewahi kuhesabu miaka ya ndoa tangu siku ya posa?

Sheria, Bwana Bader. Sheria ndiyo inayohesabu hivyo. Hataza zetu zinazopitia ofisi ya kanda, ile ya pamoja ya nchi kadhaa za Afrika, ni za miaka ishirini, na miaka hiyo huanza siku ombi linapowasilishwa, hata kama cheti kitachelewa mpaka mwenyewe asahau aliomba nini. Zipo nchi zinazomwongezea mvumbuzi siku zilizopotea mezani kwa ofisi yenyewe. Sisi hatuna utaratibu huo. Siku iliyopotea imepotea, na pilau hairudishi hata moja.

Aliyelipia somo hili ni Bi Mwanvita Rehani wa Mlingotini. Alibuni kikaushio cha mwani, sanduku la mbao na nailoni linalokausha hata siku ya mawingu, baada ya kuchoka kuona mwani wa wenzake unaoza kila mvua ikinyesha. Ombi lake liliwasilishwa Machi 2004. Cheti kikatoka 2009, na pilau ya siku ile bado inasimuliwa. Ada ya kila mwaka, ile inayoizuia hataza isife kabla ya siku zake, mama wa watu hakuikosa hata mara moja.

Mwaka 2022 kiwanda kimoja cha Dar kilikuja kumwomba ruhusa ya kutengeneza vikaushio hivyo. Bi Mwanvita alikuwa na sharti moja tu: karakana ijengwe Mlingotini, wanawe na wanawake wenzake wapate kazi bila kuhama nyumbani. Kiwanda kikasitasita. Alikuwa tayari kulegeza, akaja kutaka ushauri. Bwana Bader akaitazama kalenda yake, akamwambia wasimbabaishe, hataza inakwenda mpaka 2029, akae kimya watarudi wenyewe. Subira yavuta heri, akamwambia. Loo! Ngoja ngoja huumiza matumbo, na tumbo lenyewe halikuwa lake.

Kiwanda kilikaa kimya kweli, maana wao walijua kuhesabu. Machi 2024 ilipopita wakaanza kuvitengeneza. Bi Mwanvita alipokwenda kulalamika, mwanasheria wao alimwamkia kwa adabu, akampa kiti, akamwonyesha tarehe ya ombi lake mwenyewe. Hawakuvunja sheria yoyote. Leo vikaushio vinauzwa Bagamoyo mjini kwa jina la kiwanda, na karakana ya Mlingotini haipo.

Mnadhani Bwana Bader alijifunza? Januari mwaka huu alikwenda kwa mkurugenzi kudai kwamba miaka sitini yake ya kustaafu haijatimia, kwa kuwa cheti chake cha kuzaliwa kilichelewa kutolewa, hivyo afidiwe miaka ile. Nilikuwepo. Nilicheka hadi nikatolewa nje, na huko nje, Mungu anisamehe, nililia kwa hasira. Yule mama hakuombewa fidia hata ya siku moja.

Wiki iliyopita alipita meza kwa meza kuomba radhi, kama ilivyo desturi ya muungwana anayeondoka. Alimwomba mlinzi, akamwomba mpika chai, akaniomba na mimi, nami nimemsamehe yaliyo yangu. Mlingotini hajafika. Nilipomuuliza, alisema atakwenda baada ya Maulidi, aende na zawadi ya maana.

Tunakushukuru, Bwana Bader, kwa ucheshi wako, kwa mapazia na kwa kila sahani tuliyokula. Tunakuombea afya, usingizi wa mchana na wajukuu wasiokuchosha. Lakini Maulidi ni mbali, na Bi Mwanvita hajainuka kitandani tangu Ramadhani. Nenda kesho. Nenda mikono mitupu.