Rachael Mbithe Njau na Watoto Aliowapeleka Kupimwa Moyo

Rachael Mbithe Njau, ambaye wengi wetu tulimwita Mama Marvin, alizaliwa tarehe 14 Machi 1982 hapa Gatuanyaga, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Mbaluka na Mama Kaluki.

Alianza shule ya msingi mwaka 1989. Alipokuwa na miaka kumi alisumbuliwa na koo, Mama Kaluki akampa maji ya chumvi asukutue, na koo likapona. Wiki chache baadaye magoti yalimvimba. Watu walisema ni mtoto anakua. Siku ya mashindano ya mbio aliyafunga magoti kwa vitambaa ndani ya soksi ndefu, akakimbia, akawa wa mwisho. Akamwambia mwalimu kwamba amewaachia wenzake kwa sababu wana haraka.

Alifanya mtihani wa darasa la nane mwaka 1996 na kujiunga na sekondari Thika. Akiwa kidato cha tatu alianguka kwenye paredi ya shule. Daktari alieleza kwamba vali moja ya moyo, mlango wa kupitishia damu, ilikuwa na kovu, na kwamba ugonjwa ulianzia kooni miaka ile. "Koo tu?" Mama Kaluki aliuliza. "Lile la maji ya chumvi?" Mbithe alimshika mama yake mkono, lakini tangu siku hiyo kila mtu akikohoa karibu naye, aligeuka kumtazama.

Mwaka 2002 aliajiriwa katika kiwanda cha nguo, Eneo la Viwanda Thika, akikagua vitambaa. Walioketi naye wanasema jicho lake halikukosa uzi uliokatika.

Tarehe 26 Agosti 2006 alifunga ndoa na Njau Githae huko Ruiru, walikoishi miaka kumi na miwili. Daktari aliwaonya kwamba mimba ingeuchosha moyo wake. Walijaliwa Marvin mwaka 2008 na Mumbi mwaka 2013, na mara zote mbili Njau alihesabu miezi bila kupata usingizi wa maana. Mwaka 2016 Mbithe alifanyiwa upasuaji na kuwekewa vali ya chuma. Chumba kikiwa kimya, ililia tik tik. Mumbi, aliyekuwa na miaka mitatu, alimwambia mwalimu wake wa nasari kwamba mama yake amemeza saa.

Mwaka 2018 familia ilihamia Gatuanyaga. Miaka minne baadaye wakaja watafiti wa moyo. Walikuwa na kimashine kidogo cha kuonyesha moyo wa mtoto kwenye skrini, na walitaka kujua kama sindano ya penisilini kila wiki nne inaweza kuzuia kovu changa lisikue. Wazazi walikataa. Wengine walisema damu ya watoto itauzwa. Mbithe alisimama mbele ya mkutano shuleni, akafungua kifungo cha juu cha blauzi, akaonyesha alama ya upasuaji.

"Mimi nilikuwa na koo tu," alisema. "Hakuna mtu alijua. Nyinyi sasa mmejua."

Watoto mia mbili na kumi na moja walipimwa. Sita walionekana na dalili za mwanzo, na mmoja wao alikuwa Mumbi.

Jioni hiyo Mbithe hakula. "Baba Marvin, nimewaambia watu wasiogope," alimwambia mumewe. "Sasa mimi naogopa, nikimbilie wapi?"

Utafiti ulikuwa na utaratibu wake: nusu ya watoto wenye dalili wangedungwa, nusu wangefuatiliwa bila sindano, na kura ndiyo ingeamua. Mumbi aliangukia kundi la sindano. Muasya, mtoto wa jirani yao Nzioka, naye mmoja wa wale sita, hakupata. Nzioka alikuja hadi langoni.

"Mama Marvin, ni wewe uliniambia nilete kijana. Wako anadungwa, wangu anaangaliwa tu kama TV?"

 Kuanzia wiki hiyo, kila Jumapili baada ya kanisa, Mbithe alikwenda kwa Nzioka na tochi, akamwambia Muasya afungue mdomo. Koo likiwa jekundu, alimpeleka zahanati mwenyewe kwa bodaboda. Alifanya hivyo miaka miwili, naye mwenyewe akipumzika mara mbili njiani kutoka kanisani. Nzioka hakumsemesha mwaka mzima wa kwanza. Mwaka wa pili alianza kumwekea kiti.

Novemba 2024 majibu yalitoka: kwa wengi wa waliodungwa, hapa na kwingineko, kovu halikukua. Muasya naye hakuwa amezidiwa, na akaanza kupewa sindano. Mbithe aliketi kwenye benchi la zahanati akalia mpaka nesi akadhani ni habari mbaya.

Septemba mwaka huu alishikwa na homa isiyoshuka. Vipimo vilionyesha maambukizi kwenye vali yake. Alilazwa Thika kwa siku kumi na tisa. Tarehe 7 Oktoba Njau alimletea majibu mapya ya Mumbi, akamsomea polepole: lile kovu halikuonekana tena. Mbithe alifumba macho, kisha akauliza, "Na wa Nzioka?"

"Lake lipo, halijasonga," Njau alisema. "Anaendelea na sindano."

"Basi msimwache akose hata moja."

Alitutoka kesho yake, Jumatano tarehe 8 Oktoba 2025, saa tatu asubuhi, akiwa na miaka arobaini na mitatu.

Amemwacha mumewe Njau Githae. Watoto wake Marvin na Mumbi. Mama yake Mama Kaluki. Kaka na dada zake wanne. Na wakwe zake wa Ruiru. Mumbi ataendelea kupimwa kila mwaka, na hatuwezi kusema kwamba hofu imetuisha.

Mliouliza kwa nini tunamzika saa nane badala ya saa tano kama ilivyotangazwa kanisani: leo ni siku ya sindano zahanati. Nzioka ndiye aliyeomba tungoje watoto wote wadungwe kwanza, na familia ikakubali. Wamekwisha kufika, wako kule nyuma na mapaja yao yanauma.

Pumzika sasa, Mbithe. Mungu akulaze kwa amani.